Transfoma Inayokula Stima Mkiwa Mmelala

Mwenye hoteli Shanzu, mwenye kiwanda cha barafu Likoni na mwenye ghala la baridi Changamwe huenda wanalipia stima ambayo haijawahi kufika kwenye mashine zao. Inapotelea ndani ya transfoma.

Mteja mkubwa wa Kenya Power anaweza kuletewa umeme wa volti 11,000, ukashushwa kwenye kiwanja chake mpaka 415. Mita ikiwa upande wa volti 11,000, kinachopotea katika kushusha ni juu yake. Anayepimiwa kwenye volti 415 hasara hiyo haimhusu.

Hasara ni za aina mbili. Ya kwanza iko kwenye chuma cha ndani, nayo haikomi usiku wala mchana, mashine zifanye kazi au zizimwe. Tuseme transfoma ya zamani ya kVA 500 inapoteza kilowati 1: kwa mwaka ni uniti 8,760. Ulaya, tangu Julai 2021, transfoma mpya ya mafuta ya ukubwa huo hairuhusiwi kupita wati 459. Hasara ya pili iko kwenye nyaya, na mzigo ukiongezeka maradufu, yenyewe huwa mara nne.

Ndiyo maana ile kauli ya "weka kubwa, tutapanuka" ni ya gharama. Ukinunua kVA 1,000 kwa mzigo usiofika 200, chuma kile kitakula stima miaka na miaka. Ndogo mno nayo itachemka. Nyingi hufanya kazi vizuri zaidi zikibeba baina ya thuluthi na nusu ya uwezo wake. Hoteli yenye transfoma mbili imuulize mhandisi kama moja inaweza kuzimwa wakati wa masika, wageni wakipungua.

Kwenye mashine za baridi hasara inauma zaidi. Uniti moja ikifika kwenye kiyoyozi kizuri, huhamisha takriban uniti 3 za joto. Ikipotelea kwenye transfoma, haihamishi chochote.

Halafu kuna joto letu la Pwani. Vipimo vya kimataifa vya IEC huchukulia wastani wa nyuzi 20 kwa mwaka; Mombasa hupita 26. Nyaya zikizidi joto la kipimo kwa nyuzi 6, karatasi inayozikinga huchakaa kwa kasi maradufu. Chumba cha transfoma kipitishe upepo, kisigeuzwe stoo ya makatoni.

Ukiwa nje ya uzio wa transfoma, kitazame kile kichupa cha kioo kando ya tangi, kinachokausha hewa inayoingia ndani. Mara nyingi chembe zake zikiwa kavu ni za buluu. Zikishiba unyevu hugeuka waridi. Hapo mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, azibadilishe na kupima mafuta. Wewe usiguse kitu.

Kanuni za mwaka 2012 zilimtaka anayetumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka afanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka 3. Mkaguzi akija, mpeleke kwenye transfoma pia, asiishie kwenye taa na viyoyozi.

Na kabla hujatoa arubuni ya transfoma mpya, mtake muuzaji akuandikie namba mbili: wati zinazopotea ikiwa haina mzigo, na zinazopotea ikiwa imejaa. Akishindwa kukupa, tafuta muuzaji mwingine.