Kukata Paa la Gari la Safari: Fremu Kwanza, Tundu Baadaye

Mwongozo huu ni wa fundi bodi, mchomeleaji na msimamizi wa gereji anayepokea kazi ya kutengeneza paa la kunyanyuka kwenye gari la watalii. Magari yanayolengwa ni Toyota Land Cruiser za familia ya 70 na Land Rover Defender, ambayo gereji za Arusha zinayafahamu vizuri. Kusini mwa Afrika wageni wengi hupanda magari yaliyo wazi ubavuni. Huku kwetu mgeni husimama ndani ya gari lililofungwa na kutokeza kifua juu ya paa, kwa hiyo paa ndilo dirisha lake kubwa. 

Kosa linaloharibu magari mengi ni la mpangilio wa kazi. Gari linaingia asubuhi, kufikia saa nne paa limeshakatwa, kisha ndipo mtu anatumwa dukani kutafuta paipu za fremu. Hapo bodi imeshalegea. Bati la paa pamoja na mbavu zake za ndani ndivyo vinavyozishika nguzo za kushoto na za kulia zisitanuke wala kupishana. Ukitoa bati la urefu wa mita mbili na kukata mbavu tatu, umeliondolea gari mshiko wake wa juu. Kwenye lami hutaona kitu. Ukilipeleka kwenye mawimbi ya barabara ya kutoka lango la Loduare hadi Naabi, bodi itajinyonga kutwa nzima, na matokeo yake ni kioo cha mbele kupata ufa, milango kukataa kufunga na rangi kupasuka pale nguzo zinapokutana na paa. Kwa hiyo nguvu inayokwenda kuondolewa irudishwe kwanza kwa fremu, kisha ndipo tundu likatwe.

Kabla ya yote, lijue gari. Prado na Land Cruiser nyingi za miaka ya karibuni zina mifuko ya hewa iliyojificha kwenye kingo za paa, juu ya madirisha. Gari la namna hiyo lisikatwe paa kwa utaratibu wa mwongozo huu. Kataa kazi, au mshauri mwenye gari anunue la kufaa. Hata katika familia ya 70, baadhi ya matoleo mapya yana mifuko hiyo, kwa hiyo fungua kitambaa cha dari ukaangalie kwa macho yako, usitegemee neno la muuzaji. Mwenye gari naye aelezwe mapema kwamba kubadilisha bodi ni jambo la kuulizia kwa mamlaka inayoshika kumbukumbu za usajili, yaani TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, na kwamba kampuni yake ya bima iarifiwe kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Ajali ikishatokea, si wakati wa kuanza kueleza tundu lilitoka wapi.

Egesha gari mahali tambarare, likanyage chini kwa magurudumu yote manne yenye upepo sawa. Usilipandishe jeki, kwa sababu bodi iliyochomelewa ikiwa imejinyonga hubaki hivyo. Funga milango yote, kisha pima kwa futi mshazari wa ndani ya bodi, kutoka chini ya nguzo ya mbele kushoto hadi juu ya nguzo ya nyuma kulia, na mshazari wa pili vivyo hivyo. Pima pia nafasi kati ya kila mlango na fremu yake. Andika vipimo kwenye karatasi na uibandike ukutani. Utavirudia fremu ikishachomelewa, tena baada ya kukata. Mshazari ukibadilika zaidi ya milimita tatu, simama utafute sababu kabla ya kuendelea.

Kwa fremu ya Land Cruiser, paipu ya mraba ya milimita 30 kwa 30 yenye unene wa milimita 2 ni chaguo zuri. Nyembamba kuliko hiyo huchoka upesi kwa mtikisiko, na nene zaidi huongeza uzito mahali ambapo hatuutaki. Pitisha paipu mbili kwa urefu wa gari, moja kila upande, chini ya paa karibu na mfereji wa maji wa ukingoni, kisha ziunganishe kwa paipu za kukingama mbele na nyuma ya tundu. Kila paipu ya urefu ishuke kwenye nguzo kwa kipande cha sahani cha pembetatu, na weldi ishike chuma cha nguzo chenyewe. Hapa ndipo mafundi wa haraka wanapojipatia faida ya siku mbili: wanashikiza fremu kwenye bati la paa, ambalo unene wake haufiki au unafika tu milimita moja, halafu wanapiga puti na rangi juu yake. Kazi inapendeza machoni, lakini fremu isiyoshika nguzo ni pambo tu.

Wateja wengi wanataka tundu moja refu kutoka siti ya kwanza ya abiria hadi ya mwisho. Naona ni afadhali matundu mawili na paipu ya kukingama katikati. Mgeni hapotezi chochote cha maana, mkono wake unapata pa kushika, na bodi inabaki na mshipi katikati ya mgongo. Mteja aking'ang'ania tundu moja, ongeza sahani za pembetatu kwenye kila nguzo na umtoze gharama yake bila aibu.

Pembe za tundu zikatwe kwa mviringo wenye nusu kipenyo kisichopungua milimita 75. Pembe kali hukusanya mkazo wote mahali pamoja, na ufa huanzia hapo. Somo hili lilishalipiwa kwa gharama kubwa: ndege ya abiria ya Comet iliyoanguka karibu na kisiwa cha Elba Januari 1954 ilichunguzwa Uingereza, na ufa ulioipasua ulionekana ulianzia kwenye tundu la antena juu ya paa lake. Gari halijazwi hewa kama ndege, lakini chuma huchoka kwa namna ileile, kwa mkazo unaokuja na kuondoka maelfu ya mara.

Kabla ya kuchomelea fremu au kukata chochote, toa kitambaa na sponji ya dari yote, si sehemu tu, maana sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Fuata waya zote za taa za ndani na za redio ya upepo, uzivute pembeni. Ondoa waya hasi wa betri kabla ya kuchomelea, na chomoa altaneta na kila kifaa cha kielektroniki unachoweza kukifikia. Kizima moto kiwe mkononi mwa mtu aliyepewa kazi hiyo moja tu. Funika vioo na siti kwa turubai nzito, kwa sababu cheche za grainda huingia ndani ya kioo na kuacha madoa yasiyotoka, na vumbi lake la chuma likikaa juu ya rangi hutoa kutu baada ya mvua ya kwanza. Kwa sababu hiyo grainda si chombo cha kukatia tundu. Toboa pembe kwa drili, kisha kata kwa jigso yenye meno madogo, taratibu, huku watu wawili wakikishikilia kipande kwa chini kisianguke na kuchana ukingo. Weldi za bati zipigwe nukta nukta kwa mashine ya MIG, ukiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili joto lisijikusanye na kulifanya bati liwe na mawimbi.

Defender ina sheria zake. Paa lake ni la alumini, na chuma kikigusana na alumini palipo na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Fremu ya chuma ipakwe praima na rangi kikamilifu kabla ya kupanda, itenganishwe na paa kwa utepe wa mpira, na ifungwe kwa ribiti au bolti pamoja na gundi. Baada ya miezi michache ya masika utajua kama hukuufuata ushauri huu: rangi ya paa itaanza kutoa malengelenge pembeni ya bolti.

Maji yana njia moja ya kuzuiwa inayodumu, nayo ni umbo la bati. Zungusha tundu lote kwa ukingo uliosimama wa milimita 40 au 50, halafu kifuniko kiwe kipana kuliko tundu na midomo yake ishuke nje ya ukingo huo. Mvua ikinyesha inaangukia nje ya ukuta hata kama mpira haupo. Mpira wa kuziba ni msaidizi wa vumbi na kelele. Fundi anayeutegemea uzuie maji ataletewa gari hilo kila mwaka. Kwenye maungio tumia gundi ya poliurethani. Silikoni ya kawaida yenye harufu ya siki hula chuma kilicho wazi, na rangi haishiki juu yake. Gundi ya poliurethani hukauka kwa unyevu wa hewa, takriban milimita tatu kwa siku, hivyo gari lisitoke gerejini jioni ileile hata mteja akipiga simu mara ngapi.

Vumbi ni adui mjanja zaidi. Gari likienda mbio, hewa inayopita juu ya paa hunyonya hewa ya ndani kupitia tundu, na gari hujaza pengo hilo kwa kuvuta vumbi kupitia nyufa za mlango wa nyuma. Dereva atalaumu mpira wako wa juu wakati hewa inaingilia nyuma. Badilisha mpira wa mlango wa nyuma katika kazi hiyohiyo, na uweke gharama yake kwenye makadirio tangu mwanzo.

Kifuniko kiwe chepesi. Chukua cha mita 2.2 kwa 1.1: bati la chuma la milimita 1.5 litakuwa na kilo zaidi ya 28 kabla ya kuongeza fremu yake, ilhali alumini ya milimita 2 itakuwa na kilo 13 hivi. Tofauti hiyo iko juu kabisa ya gari, mahali pabaya pa kuweka uzito gari linapoinama kwenye mteremko wa kreta ya Ngorongoro. Kama unatumia shokapu za gesi, pima uzito wa kifuniko kilichokamilika kwa mizani kabla ya kuzinunua, na zifunge ili fimbo ielekee chini kifuniko kikiwa kimefungwa, mafuta ya ndani yabaki yakilainisha sili. Zaidi ya shokapu, weka kizuizi cha chuma kwenye kila mguu unaobeba kifuniko, kwani gesi huisha na vichwa vya wageni viko chini yake. Kifuniko kifungwe kutoka ndani, kwa mkono mmoja, ndani ya sekunde chache. Sababu wanazijua madereva: nyani wa Manyara huingia juu kufuata chakula, na duma wa Maasai Mara na Serengeti wamekuwa wakipanda magari kutazama mawindo.

Ukingo ambao mgeni anaegemea uwe usawa wa kifua, usishuke kwenye kiuno, na uvikwe sponji ngumu. Rangi ya ngozi inayofunika sponji hiyo isiwe bluu wala nyeusi, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo. Ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Mgeni wa Tarangire atakushukuru kwa kuchagua kaki.

Kuhusu afya ya mafundi, mambo mawili hayana mjadala. Kuchomelea bati la mabati yenye zinki hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka jioni yake, kwa hiyo saga zinki iondoke kwanza, ukiwa umevaa barakoa, kisha uchomelee penye hewa. Na rangi za kuchanganywa na hadina zina kemikali za isosianeti, zinazoweza kumwachia mpigaji rangi pumu ya maisha. Kitambaa puani au barakoa ya vumbi haizizuii. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Maziwa yanayonywewa baada ya kazi yanaenda tumboni, na sumu ilishapita mapafuni.

Kabla ya kukabidhi, funga kifuniko juu ya kipande cha karatasi na ukivute, ukirudia kuzunguka tundu lote; karatasi inapotoka bila kushikwa, mpira haujagusa. Mwagilia maji kwa bomba kwa robo saa, ukianzia chini kwenda juu ili ujue yanapoingilia, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Rudia vipimo vya mshazari na vya milango. Kisha mwandikie mwenye gari tarehe ya kulirudisha baada ya kilomita 1,000 za barabara mbovu, bila malipo ya ziada, ili kila bolti ikazwe upya na pembe nne za tundu ziangaliwe kwa tochi. Ukiona ufa mdogo, toboa tundu dogo mwisho wake ili usitembee, kwangua rangi uone chuma, na ongeza sahani kwenye nguzo iliyo karibu kabla ya kuuchomelea. Ukiuchomelea bila kuongeza nguvu, ufa utarudi palepale, sentimita moja pembeni.