Kompyuta Iliyovuma Kuliko Sauti Yangu: Mafunzo Niliyopata

Kazi yangu ni kusoma vitabu kwa sauti na kuvirekodi, chumbani kwangu Tabata, usiku watu wakishalala. Mashine niliinunua Kariakoo mwaka 2019: kasha kubwa la mtumba, prosesa ya Core i5 kizazi cha 4, ramu ya GB 8. (Wengi wetu kasha zima tunaliita CPU, ndiyo maana ukienda dukani kuulizia CPU mpya, wewe na muuzaji mnaweza kupotezana nusu saa.) Siku moja mhariri alinirudishia sura tatu na ujumbe mfupi: "Dada, umerekodi kando ya jenereta?"

1. Mjue kwanza anayepiga kelele.

Niliihukumu feni ya prosesa bila kusikiliza mashahidi. Nikanunua kipoza joto kipya, kikubwa, cha bei, nikamlipa fundi akakifunga. Mvumo ukabaki vilevile. Wiki iliyofuata nikafanya nilichopaswa kuanza nacho: nikazima mashine, nikachomoa feni moja ya kasha, nikawasha, nikasikiliza dakika kumi. Nikazima tena, nikairudisha hiyo, nikachomoa nyingine. Feni ya prosesa sikuigusa, maana hiyo haichezewi. Wakosaji walikuwa feni mbili ndogo za milimita 80. Nilipozichomoa zote mbili kwa muda, nikaisikia saa ya ukutani, ambayo nilidhani imekufa betri.

2. Pini zina maana.

Feni ya pini tatu ina pini ya umeme wa volti 12, ya ardhi, na ya kurudisha habari za mwendo wake. Ikiwepo ya nne, hiyo ni ya amri: hupeleka mapigo ya umeme kama 25,000 kwa sekunde, na upana wa kila pigo ndio unaoiambia feni itembee au ikimbie. Mapigo hayo ni ya kasi kuliko sikio la binadamu linavyoweza kusikia, kwa kuwa sikio huishia kama 20,000.

Zangu zilikuwa za pini tatu, na hata hizo tatu hazikutumika ipasavyo. Aliyezifunga alizichomeka moja kwa moja kwenye pawa saplai. Volti 12 kamili, usiku na mchana, hata nikiandika barua tu. Nilipomuuliza akanijibu, "Dada'angu, mashine yenye nguvu lazima ivume."

Nikazihamishia kwenye mazabodi nikiwa na uhakika wa ushindi. Zikavuma palepale! Ilinichukua jioni nzima kuelewa kwamba BIOS ilikuwa katika hali ya PWM, inayotoa amri kwa pini ya nne, na feni isiyo na pini hiyo haisikii chochote, inakimbia tu. Nikabadili iwe DC, yaani mazabodi ipunguze volti zenyewe, zikatulia. Kazi ya dakika mbili, bila shilingi.

3. Mbili za polepole ni kimya kuliko moja ya mbio.

Hili lilinishangaza, kwa hiyo nilirudia hesabu mara mbili. Ukiongeza feni ya pili iliyo sawa na ya kwanza, kelele hupanda desibeli 3 tu. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, kelele hushuka takriban desibeli 15, na hewa hupungua nusu. Basi mbili zinazotembea husukuma hewa karibu sawa na moja inayokimbia, kwa kelele ndogo mno. Na feni pana haihitaji kuzunguka haraka kama nyembamba. Kasha langu lilikuwa na nafasi za milimita 120, mbele na nyuma, zimekaa tupu miaka yote. Nikanunua mbili za ukubwa huo.

Nikagundua jingine: zile za zamani zote zilikuwa zikipuliza nje, kwa hiyo kasha lilifyonza vumbi la Tabata kupitia kila ufa. Sasa ya mbele inaingiza, ya nyuma inatoa. Kama feni haina mshale, hewa hutokea upande wenye vyuma au plastiki vilivyoshikilia mota.

4. Sikio linachoka na kupanda na kushuka.

Mvumo wa chini usiobadilika sikio huuzoea. Feni inayoruka juu kila ukifungua faili, kisha ikashuka, haizoeleki, na maikrofoni hainyamazii. Nimeweka mwendo wa feni asilimia 40 mpaka prosesa ifike nyuzi 50, kisha feni ipande taratibu, ifike mwisho kwenye 80, na ichelewe sekunde chache kabla ya kuitikia. Usiige namba za mtu wa Norway. Januari chumba changu hufika nyuzi 32, na hakuna feni itakayoifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa inayoivuta.

5. Vumbi. Pulizia kila miezi michache, ukiishikilia feni kwa kidole isizunguke. Basi.

6. Kabla ya kununua, uliza kitahamia wapi.

Kimya kilipopatikana, tamaa ikaja. Nilitaka prosesa kali na ramu nyingi. Nikachukua daftari. Soketi yangu ni ya kizazi kile kile, ramu ni DDR3, na ya DDR4 haiingii hata ukiilazimisha, kwa kuwa pengo lake liko mahali pengine. Windows 11 inataka, kwa Intel, kuanzia kizazi cha 8, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Rafiki yangu alinunua prosesa ya kizazi cha 8 kwa bodi ya kizazi cha 6. Soketi zote ni LGA1151, ikaingia vizuri kabisa, na kioo hakikuwaka, kwani bodi ile haiitambui.

Nikagawa ukurasa safu mbili: vinavyohama na vinavyozikwa. Prosesa na ramu zikaenda kaburini. SSD, pawa saplai, kasha na feni zikabaki safu ya kwanza. Nikaanza na SSD. Diski ya zamani haikuvuka MB 150 kwa sekunde, hii inapita 500, tena ule mkwaruzo wa diski, ambao sikuwahi kuuwekea jina, ukatoweka katika rekodi.

Kile kipoza joto nilichonunua kwa pupa nilikiandika kwanza kwenye safu ya kaburi. Juzi nikapima matundu yake. Yanalingana na ya soketi mpya kuliko yangu, LGA1151 na LGA1200.

Nikakifuta, nikakihamisha.