Bawa Linalokumbuka: Somo la Stoli kwenye Kiigaji cha Ndege

Safari hii nawaletea somo nililolipata kwa kukosea, katika mradi wangu wa mwaka wa mwisho: kutengeneza programu ndogo ya kuigiza urukaji wa ndege.

Tuanze na msingi. Bawa huinua ndege kwa sababu hewa huupita mgongo wake ikiwa imeshikamana nao. Ukiinua pua ya ndege, pembe kati ya bawa na upepo huongezeka, na kani ya kuinua nayo huongezeka. Lakini kuna kikomo. Kwa mabawa mengi ni karibu nyuzi 15. Ukikipita, hewa hubanduka mgongoni na kani hushuka. Hali hiyo ndiyo stoli.

Programu yangu ilikuwa na jedwali moja: kila pembe na kani yake. Ndege ikaingia stoli, nikapunguza pembe kidogo tu, ikapona papo hapo. Nikafurahi. Kumbe bawa halisi mara nyingi halifanyi hivyo. Hewa ikishabanduka, hairudi kwenye pembe ileile iliyobandukia. Hungoja pembe ishuke zaidi. Tabia hii ya matokeo kutegemea ulikotoka huitwa histeresisi.

Mwaka 1994 watafiti Goman na Khrabrov walichapisha njia nzuri ya kulihesabu jambo hili. Huongezwa namba moja, x, inayoeleza sehemu ya bawa ambayo hewa bado imeshikamana nayo: 1 ni yote, 0 hakuna. Kani ya kawaida huzidishwa kwa mraba wa (1 + √x)/2. Kwa hiyo x ikiwa 0, hubaki robo. Tena x haibadiliki ghafla. Huifuata thamani yake ya mwisho kwa kuchelewa. Kama ucheleweshaji ni sekunde 0.5 na programu huhesabu kila sekunde 0.02, kila hatua huziba asilimia 4 ya pengo. Kutoka 0.2 kuelekea 1, hatua ya kwanza hutoa 0.232.

Nikaiweka, mchoro ukatoa kitanzi kizuri. Nikampelekea mwalimu. Akasema, "Sasa badilisha pembe polepole sana." Nilipofanya hivyo, kitanzi kikatoweka! Nilichokuwa nacho kilikuwa ucheleweshaji tu. Bawa lenye histeresisi ya kweli hubaki na kitanzi hata ukienda kwa mwendo wa kinyonga.

Dawa yake ni kuipa programu kumbukumbu. Kwa zoezi, nilichagua nyuzi 16 na 12. Hewa ikiwa imeshikamana na pembe ikazidi 16, andika "imebanduka", na x ielekee 0. Ikiwa imebanduka na pembe ikashuka chini ya 12, andika "imeshikamana", na x ielekee 1. Katikati, usibadilishe kitu. Hivyo kwenye nyuzi 14, kizidishi cha kani ni 1.4 ukiwa unapanda na 0.35 ukiwa unarudi. Pembe moja, majibu mawili.

Mtu atauliza, nyuzi nne zina uzito gani? Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya safari ya Air France 447, kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris, iliingia stoli juu ya Atlantiki na haikutolewa humo hadi ilipogonga maji. Watu 228 walifariki. Sisemi histeresisi ndiyo iliyowaua. Nasema rubani hujifunza stoli kwa usalama ndani ya kiigaji, na kiigaji kinachopona upesi humzoesha mkono wake kuacha kusukuma mapema.

Basi ndugu yangu, kabla hujauamini mchoro wako, upitishe polepole, kwenda na kurudi. Aliyeketi kwenye kiti kile atayaamini mahesabu yako, na hiyo ni amana.