Elizabeth Catlett na Picha za Kuchapa

Wasomaji wenzangu, katika ukurasa huu wa Kiswahili napenda kueleza habari za picha za kuchapa, na hasa za bibi mmoja mweusi wa Marekani, Elizabeth Catlett, ambaye kazi zake zilizungushwa katika miji mitatu mikubwa ya nchi ile. Maonyesho yalianza Brooklyn, New York, Septemba 2024, yakahamia Washington mwaka 2025, kisha yakamalizikia Chicago. Vitu vilivyoonyeshwa vilizidi 150, sanamu na picha pamoja. Mimi sikwenda huko, wala nauli sina. Nimezitazama picha hizo katika kitabu kikubwa cha maonyesho alichotuletea mwalimu wetu wa sanaa, na kwa muda wa wiki tatu darasa letu la juu limebishana juu yake.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Linoliamu ni kitu cha kutandika sakafuni. Hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyochanganywa na unga wa koki, yakatandazwa juu ya kitambaa cha gunia. Ni laini kuliko ubao, wala haina nyuzi za kukipinga kisu. Mchongaji huchora picha juu yake, kisha kwa patasi ndogo huondoa kila mahali panapotakiwa kuwa peupe. Palipoachwa ndipo pashikapo wino. Wino hupakwa kwa rola, karatasi hulazwa juu, hukandamizwa kwa mashine au hata kwa mgongo wa kijiko, kisha hubanduliwa polepole. Picha hutoka kinyume: mkono wa kulia huwa wa kushoto, na herufi sharti zichongwe kinyumenyume kama katika muhuri. Aliyewahi kuchonga muhuri katika ndala kuukuu aijua kazi hii kidogo. Ugumu wake ni kwamba kilichokwisha kukatwa hakirudi.

Basi wenzangu wengine walisema ya kuwa picha ikitolewa mara hamsini ni nakala tu, haiwezi kulingana na picha ya rangi iliyo moja duniani. Mimi nasema sivyo. Hakuna picha ya kwanza iliyofichwa mahali ambayo hizi zimenakiliwa kwayo. Linoliamu yenyewe ni chombo, na kila karatasi itokayo hapo ni kazi halisi. Tena Bibi Catlett aliipenda njia hii kwa sababu ileile ambayo wenzangu waidharau: karatasi nyingi zenye bei ndogo zaweza kufika ukutani kwa mtu ambaye hajakanyaga nyumba ya makumbusho maisha yake yote.

Naye alijua sana habari za milango iliyofungwa. Alizaliwa Washington mwaka 1915, na babu na bibi zake walikuwa wamepata kuwa watumwa. Alishinda nafasi ya masomo katika chuo kimoja cha Pittsburgh, lakini walipojua ya kuwa ni mweusi wakamkataa. Akaenda Chuo Kikuu cha Howard, akamaliza mwaka 1935. Baadaye alisoma Iowa, ambako darasani aliruhusiwa lakini katika mabweni hakuruhusiwa kulala. Huko mwalimu wake, mchoraji Grant Wood, alimshauri afanye kazi juu ya vitu avijuavyo zaidi. Akachonga katika jiwe mama na mtoto wake, na mwaka 1940 sanamu hiyo ikapata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya watu weusi huko Chicago.

Halafu alifundisha New Orleans. Nyumba ya makumbusho ya mji ilikuwa ndani ya bustani ambayo watu weusi hawakuruhusiwa kuingia, na wakati huo zilikuwamo picha za Picasso. Bibi Catlett akapanga siku ambayo nyumba haikufunguliwa kwa watu wengine, akawapakia wanafunzi wake katika basi, likawapeleka mpaka mlangoni penyewe, hata wasitie mguu katika bustani. (Napenda sana habari hii. Sheria haikuvunjwa, na picha zilionekana.)

Mwaka 1946 alikwenda Meksiko kwa msaada wa masomo, akajiunga na Taller de Gráfica Popular, yaani karakana ya uchapaji wa watu, iliyoanzishwa mwaka 1937. Wachoraji wa pale walifanya kazi pamoja na kukosoana, wakachapa mabango ya vyama vya wafanyakazi na ya kufundisha watu kusoma. Hapo alichonga mfululizo wa picha 15 juu ya mwanamke mweusi. Wamo watu mashuhuri kama Harriet Tubman na Sojourner Truth, lakini wamo pia mtumishi wa nyumbani na mwanamke wa shambani. Katika kichwa cha kila picha, msemaji ni mwanamke mwenyewe. Moja yaonyesha wanawake katika basi, wamewekwa mahali pao pa nyuma, na neno la Kiingereza alilolitumia lina maana mbili: kuwekewa nafasi, na kuwa na mashaka. Nyingine yaonyesha mtu aliyenyongwa, kamba ingali shingoni.

Alikaa Meksiko, akaolewa na mchoraji Francisco Mora, wakapata wana watatu. Mwaka 1962 akawa raia wa huko, na serikali ya Marekani ikamhesabu mgeni asiyetakiwa. Mwaka 1970 alialikwa katika mkutano Illinois, akanyimwa viza, akawahutubia kwa simu. Uraia wake wa Marekani ulirudishwa mwaka 2002, na alifariki Cuernavaca mwaka 2012, umri wake miaka 96.

Picha tuliyobishania zaidi ni ile ya mwaka 1952 ya mama mkulima. Alikuwa mmoja wa wale waliolima ardhi ya mwingine kwa kugawana mavuno, na ambao kila mwaka walijikuta wangali na deni. Amevaa kofia pana ya majani, nguo imeshikizwa kwa pini, na sisi twamtazama kutoka chini, kana kwamba tumeketi miguuni pake. Uso umejaa mikato mifupi. Kofia ina mikato mirefu inayozunguka. Mmoja wetu asema mama huyu amekasirika, mwingine asema amechoka. Kwa maoni yangu anakitazama kitu cha mbali ambacho hakimwogopeshi tena.

Sasa mwalimu ametugawia vipande vya linoliamu kuukuu iliyong'olewa sakafuni, kila mmoja amchonge mtu amjuaye. Mimi nimemchagua mama auzaye ndizi langoni kwetu, nami nimekwisha kumwomba ruhusa. Kisu chake hukishika kwa mkono wa kulia. Katika linoliamu nitakichonga kushoto, ili karatasini kirudi mahali pake.