Hewa Ipitayo Nyuma ya Bawa la Eropleni

Mtu asimamaye juu ya daraja na kutazama mto huona jambo lenye mafunzo. Mbele ya nguzo maji huja yakiwa matulivu, lakini nyuma yake huvurugika na kuzunguka-zunguka kabla ya kutulia tena. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo ipitapo kando ya kitu, ijapokuwa macho hayaioni.

Bawa la eropleni limechongwa ili kupunguza mvurugo huo. Mbele ni mviringo, na nyuma ni jembamba. Likiinuliwa kidogo upande wa mbele, hewa hufuata mgongo wake hadi mwisho, kisha husukumwa chini. Ndipo bawa nalo huinuka. Mwaka 1904 mtaalamu Mjerumani, Ludwig Prandtl, alieleza kwamba asili ya mvurugo wa nyuma ni tabaka nyembamba ya hewa igusayo bawa, ambayo hupungua mwendo kwa kusuguana nalo.

Eropleni iendapo polepole, rubani hana budi kuinua pua zaidi ili bawa lipate nguvu ya kutosha. Lakini kuna mpaka. Katika mabawa mengi, pembe ikizidi digrii 15 hivi, tabaka ile iliyopungua mwendo hushindwa kufuata mgongo wa bawa na kuachana nalo. Hapo mvurugo huwa mpana, nguvu ya kuinua hupungua ghafula, na eropleni huzuiwa mwendo.

Hatari hiyo ilionekana katika eropleni za Comet, ambazo tangu Mei 1952 zilichukua abiria toka London hadi Johannesburg kwa njia ya Entebbe. Oktoba mwaka huo Comet moja ilishindwa kupaa huko Roma, lakini watu wote wakaokoka. Rubani akalaumiwa. Machi 1953 nyingine ikashindwa vivyo hivyo huko Karachi, na watu wote 11 waliokuwamo wakafa. Pua ilikuwa imeinuliwa mno eropleni ingali chini, na hewa ikaachana na mabawa. Baadaye watengenezaji walibadili umbo la ukingo wa mbele wa bawa.

Ndani ya injini nyingi za jeti mna safu za mabawa madogo ya chuma yakandamizayo hewa. Mwaka 1926 Mwingereza A. A. Griffith alionyesha kwamba mitambo ya zamani ya namna hiyo ilifanya kazi vibaya kwa kuwa hewa iliachana na mabawa hayo, akashauri yachongwe kama mabawa ya eropleni. Hata leo, injini izungukapo polepole, pembe ya hewa huweza kuzidi katika safu za mbele. Mvurugo hujaa, hewa haipiti vema, na injini hutikisika.

Kwa hiyo abiria aonapo eropleni ikikimbia sana juu ya ardhi kabla ya kuinua pua, na ajue ya kuwa rubani hacheleweshi safari. Anangoja mwendo utakaoiwezesha hewa kushikamana na mabawa.