Moto ya injeksio inazimika: tazama haya mbele ya kugusa kapteri



Huku kwetu kando ya ziwa Tshangalele, samaki mubichi hangojei mtu. Moto ikizimika kila mara unapoachilia gaz, toka Kapolowe mpaka kufika soko la Likasi, samaki anaharibika na feza ya mama muuzaji inapotea. Somo hili ni kwa koperative yenye iko na moto ya injeksio, ile isiyo na karbirateri.

Tuanze na ralanti. Ni mwendo wa injini wakati moto imesimama na mkono hauvuti gaz. Kwa moto ndogo nyingi ni karibu mizunguko 1,400 kwa dakika. Kitabu cha moto yako ndicho kinasema hesabu kamili. Ikiwa chini sana, injini inazima. Ikiwa juu sana, inakula esanse bure na moto inakusukuma hata ukitaka kusimama.

Kwenye karbirateri, hewa yenyewe inavuta esanse, na fundi anapanga kwa turnevisi na sikio. Kwenye injeksio, kompyuta ndogo ndiyo inapima esanse, na inasikiliza makapteri. Kapteri moja imefungwa kando ya papio, kile kibati cha mviringo kinachofunguka ukivuta gaz. Inaiambia kompyuta: papio imefungwa, imefika nusu, imefunguka yote. Kama inasema uongo, kompyuta nayo inakosea.

Shida inaanzia hapa. Fundi wa zamani anaona visi, anazungusha. Lakini visi za kapteri, na ile ndogo yenye rangi juu yake inayozuia papio, zilipangwa kiwandani. Ukizilegeza, kompyuta haijui tena papio iko wapi. Moto fulani ziko na visi ya ralanti ya kweli. Zingine hazina hata moja, kompyuta inajipangia yenyewe. Soma kitabu kwanza. Kama ni lazima kapteri itoke, piga alama kwa msumari, nusu kwenye kapteri na nusu kwenye chuma, ili irudi pale pale.

Mara nyingi kapteri haina kosa lolote. Vumbi ya barabara ndiyo adui. Safisha chujio la hewa. Tazama mpira unaounga papio na injini: ukipasuka, hewa inaingia bila kupimwa na ralanti inapandapanda. Weusi ukijaa kwenye papio, upanguse na kitambaa laini chenye dawa yake, injini ikiwa baridi. Kisu na papye ya vere hapana, na dawa isiingie ndani ya kapteri.

Halafu bateri. Pompa ya esanse inaishi kwa umeme; bateri ikichoka, utapiga kiki mpaka jasho. Na esanse ya kwenye chupa kando ya njia, uichuje. Matundu ya injekteri ni membamba sana, na maji yakiingia humo ni taabu. Usiache tanki ikauke pia: kwa moto nyingi pompa iko ndani ya tanki, na esanse ndiyo inaipoza.

Kable ya gaz iwe na ulegevu wa milimita 2 mpaka 6 hivi kwenye mkono. Injini ikiwaka, geuza usukani kushoto na kuume. Ralanti ikipanda, kable inavutwa; hakuna kosa lingine la kutafuta.

Yote ikiwa sawa, endesha dakika kumi injini ipate joto, ndipo uzungushe visi ya ralanti, kama iko, robo kwa robo. Vuta gaz, achilia, sikiliza.

Kupima kapteri kunaomba multimetre. Washa kontakti, injini isiwake. Kapteri za kawaida zinapokea volti 5. Papio ikifungwa, waya wa kurudisha habari unatoa karibu nusu volti. Fungua polepole, ipande mpaka karibu 4 ao zaidi kidogo. La muhimu ni ipande bila kurukaruka. Ikiruka katikati, kapteri imekwisha, inunuliwe ingine. Usitumie taa ya kujaribia, inaweza kuunguza kompyuta.

Taa ya injini nayo inasema. Kwa Honda, ikimulika mara 8 fupi, shida iko kwenye kapteri ya papio ao waya zake. Yamaha inatoa namba 15 ao 16. Kwa Honda, alama ndefu moja ni kumi. Hesabu mara mbili, andika kwenye kitabu cha koperative pamoja na tarehe, na umpe fundi wa Likasi hiyo namba mbele hajashika kifungulio.