Njia ya Maji Kwanza: Somo kwa Wakazi wa Kamere na Mitaa Mingine Inayokua

Ukishuka kwenye matatu pale Kamere siku ya mvua kubwa, huhitaji ramani kujua maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Upande mmoja kuna miinuko ya Olkaria na Hell's Gate, inayopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Upande wa pili kuna Ziwa Naivasha, lililo kwenye takriban mita 1,890. Mtaa uko katikati. Maji yanayoshuka kutoka juu lazima yapite kati ya nyumba zetu ili yafike ziwani, na miaka ya karibuni ziwa lenyewe limekuwa likipanda kutufuata.

Somo hili linahusu mambo matatu ambayo serikali ya kaunti hupanga kwa pamoja: makazi, mitaro ya maji ya mvua na barabara. Ukimaliza kusoma, utaweza:

- kueleza kwa nini njia ya maji hupangwa kabla ya ploti kugawanywa;
- kukadiria maji yanayotoka kwenye ploti yako mvua inaponyesha;
- kujua ofisi inayohusika na mtaro, kalvati au barabara iliyo karibu nawe;
- kukagua ploti kabla hujatoa pesa zako.

1. Jinsi mitaa yetu ilivyokua

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru. Zaidi ya 350,000 kati yao walikuwa katika Kaunti Ndogo ya Naivasha. Mji wa Nakuru ulipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ukawa wa nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Kusini mwa Ziwa Naivasha, ukuaji uliletwa na mashamba ya maua na mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria. Wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala karibu na kazi. Ardhi kubwa ilikuwa tayari mikononi mwa mashamba na hifadhi, kwa hiyo watu walibanana katika vipande vilivyobaki: Karagita, Kwa Muhia, Kamere na vituo vingine kando ya Barabara ya Moi South Lake.

Mara nyingi mpangilio ulikuwa huu: mtu ananunua kipande cha shamba, anakikata ploti, anaziuza, nyumba za kukodisha zinajengwa. Barabara inapatikana kwenye nafasi iliyobaki, na mtaro unakumbukwa mvua ikisha kuingia ndani. Upangaji mzuri huenda kinyume cha hapo. Kwanza hutafutwa njia ya maji, kisha barabara, na mwisho ploti.

2. Hesabu ya ploti moja

Tuchukue ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100. Hiyo ni takriban mita 465 za mraba. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu yake, maji yanayoanguka ni karibu lita 14,000. Kwa mitungi ya lita 20, hiyo ni mitungi 700.

Ploti ikiwa bado na nyasi na miti, sehemu kubwa ya maji hayo hunywewa na ardhi, na yanayobaki hutembea polepole. Ukiezeka mabati na kumwaga saruji uani, karibu yote hutoka nje, tena kwa haraka. Ploti 50 za aina hiyo kwenye mteremko mmoja zinaweza kutoa mitungi 35,000 ndani ya mvua moja. Jirani wa chini ndiye anayeipokea.

Udongo wetu huongeza tatizo. Sehemu kubwa ya Bonde la Ufa la kati ina udongo wa majivu ya volkano. Ni mwepesi, na maji yakipita kwa kasi huuchimba. Kijia cha bodaboda cha mwaka huu kinaweza kuwa korongo baada ya misimu miwili ya mvua. Udongo unaochimbwa huziba kalvati za chini na kuingia ziwani.

Kuna jambo ambalo kila mwenye nyumba anaweza kufanya mwenyewe. Paa la mita 6 kwa 10 hukusanya lita 1,800 kwa mvua hiyo ya milimita 30, yaani mitungi 90. Mfereji wa bati na tangi hupunguza maji yanayomwendea jirani, na katika mtaa ambao wengi hununua maji kwa mtungi, huokoa pesa pia. Jambo la pili ni kuacha sehemu ya ua bila saruji, ikiwa na nyasi au miti.

3. Ukingo wa ziwa haupimwi kwa macho

Ziwa Naivasha halina mto unaotoka juu ya ardhi. Hupokea maji ya mito, hasa Malewa na Gilgil, na kiwango chake hupanda na kushuka miaka ikipita. Mwaka 2009, wakati wa ukame, maji yalirudi nyuma sana. Kuanzia 2010 yakaanza kupanda, kama ilivyokuwa kwa maziwa mengine ya Bonde la Ufa, yakiwemo Nakuru na Baringo. Mwaka 2020 mtaa wa Kihoto, kando ya mji wa Naivasha, uliingiwa na maji, na mwaka 2025 familia nyingi zililazimika kuhama tena. Ziwa linapopanda, viboko nao husogea karibu na nyumba, na vyoo vya shimo hujaa maji na kuleta hatari ya kipindupindu.

Mtu aliyetembelea ploti ya ukingoni mwaka 2009 aliona ardhi kavu, nzuri na ya bei nafuu. Macho yake hayakumdanganya, ila yalimwonyesha mwaka mmoja tu. Wapimaji wa zamani walilijua hilo. Mwaka 1906 uliwekwa mstari wa futi 6,210, karibu mita 1,893, kuzunguka ziwa. Mwaka 1933 wenye mashamba waliruhusiwa kutumia ardhi iliyoachwa wazi chini ya mstari huo, lakini kwa sharti la kutoweka majengo ya kudumu. Kulima kuliruhusiwa, kwa sababu zao la msimu mmoja likipotea, hupandwa lingine. Nyumba ya mtu haiko hivyo.

Kanuni ya kushika ni hii: ukingo hupimwa kutoka kiwango cha juu kabisa ambacho maji yamewahi kufika, si pale yalipo leo. Ndivyo ilivyo pia kwa makorongo makavu yanayoshuka kupitia Kamere. Korongo likiwa kavu Januari bado ni njia ya maji. Anayelijaza kifusi na kujenga juu yake hajaondoa maji. Ameyahamishia kwa mwingine, au ameyakaribisha chumbani mwake.

4. Barabara na mtaro ni kitu kimoja

Wakazi wengi huomba barabara iwekwe changarawe au lami. Ni ombi la haki. Lakini barabara isiyo na mtaro huwa mto mvua inaponyesha, na changarawe yote huishia bondeni.

Tazama nafasi inayohitajika. Magari mawili yakipishana yanahitaji karibu mita 5. Ongeza mtaro wa mita 1 kila upande, na njia ya waendao kwa miguu ya mita 1 kila upande. Jumla ni mita 9. Barabara ya mtaa ikiachwa mita 4, kitu fulani kitakosa nafasi, na kwa kawaida mtaro ndio hukosa kwanza. Kisha kibanda kikiwekwa juu ya mtaro uliopo, au mwenye duka akiuziba kwa mawe ili wateja wavuke, maji hurudi barabarani.

Kwa Kamere jambo hili ni zito zaidi. Mji wa Naivasha uko zaidi ya kilomita 15, na watu wengi wanaotoka huku kwenda mjini hutegemea Barabara ya Moi South Lake. Wafanyakazi wa alfajiri, mama mjamzito anayekimbizwa hospitali, samaki wa soko na maua ya kuuzwa ng'ambo hupita humo. Kalvati moja ikiziba na barabara kukatika, wote hao hukwama kwa pamoja.

5. Funzo la Kamuchiri

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji mengi yalishuka kutoka upande wa Old Kijabe na kufagia kijiji cha Kamuchiri, karibu na Mai Mahiu, humu humu katika Kaunti Ndogo ya Naivasha. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, wengi wakiwa wamelala. Mwanzoni ilisemekana bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na udongo na takataka. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi yakalivunja.

Tunalikumbuka jambo hili kwa heshima ya waliofariki, na kwa sababu lina funzo. Tuta lolote, liwe la reli, la barabara au ukuta wa ploti, huwa bwawa pindi tundu lake linapozibwa. Kusafisha kalvati huonekana kazi ndogo, lakini ni kazi ya kuokoa maisha. Hufanywa kabla ya mvua ya Machi hadi Mei, kisha tena kabla ya mvua fupi za Oktoba.

6. Nani anahusika na nini

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kaunti kazi ya kupanga maendeleo na makazi, barabara za kaunti, na mitaro ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Barabara za kitaifa ziko chini ya mashirika ya kitaifa: KeNHA kwa barabara kuu, KURA na KeRRA kwa barabara za kitaifa za mijini na za mashambani. Kwa hiyo mtaro wa mtaani unaweza kuwa wa kaunti, na kalvati unayomwagia maji ikawa ya shirika lingine. Unapotoa malalamiko, taja mahali hasa. Ofisi ya msimamizi wa wadi ndiyo pa kuanzia.

Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakataza kujenga bila idhini ya kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Ukinyimwa idhini na huridhiki, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mizozo ya mipango.

Mtaro hauchimbwi bila bajeti. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mkazi anayeanza kuuliza kuhusu mtaro mwezi Mei, maji yakiwa mlangoni, amechelewa kwa mwaka huo wa fedha. Mahali pa kuupigania ni kwenye vikao vya ushiriki wa umma, kabla ya tarehe hizo.

7. Kabla ya kununua au kujenga

- Tembelea ploti siku ya mvua, au siku inayofuata. Tafuta alama za maji ukutani na kwenye miti.
- Waulize wazee na wavuvi: mwaka ule wa maji mengi, yalifika wapi?
- Tafuta cheti cha ardhi katika masijala, kisha uulize ofisi ya mipango kama eneo hilo ni ukingo wa ziwa, njia ya maji au hifadhi ya barabara. Hati ya kumiliki haikuambii ardhi inafaa kujengwa nini.
- Pima upana wa barabara kwa futi kamba. Usikubali kuonyeshwa kwa mkono tu.
- Muulize anayekuuzia: maji ya ploti hii yanatoka kupitia wapi, na yakitoka yanaenda kwa nani?
- Pata idhini ya ujenzi kabla ya kumwita fundi.

8. Maswali ya kujadili na zoezi

Maswali haya yanafaa baraza la mtaa, chama au darasa:

a) Korongo gani mtaani mwenu limejengwa au limejazwa takataka? Maji yake sasa yanapita wapi?
b) Ikiwa mtaro unahitaji ploti tano zipunguzwe mita moja kila moja, nani anafaa kubeba hasara hiyo?
c) Barabara ikikatika usiku, mgonjwa atapitishwa wapi?

Zoezi: Chukueni karatasi kubwa. Chora barabara, nyumba na ziwa. Kisha, mvua ijayo, tembeeni mkiwa watatu au wanne, mahali palipo salama, mkiweka mishale kuonyesha maji yanakoelekea. Wekeni alama ya X kwenye kila kalvati iliyoziba. Pigeni picha za karatasi hiyo, nakala moja mpeleke kwa msimamizi wa wadi na nyingine mje nayo kwenye kikao cha ushiriki wa umma. Ombi lenye ramani na alama kumi za X huweza kuingia kwenye mpango wa kazi kwa urahisi kuliko malalamiko kwamba "maji yanatusumbua".

Swali la (b) ndilo gumu, na hakuna mhandisi atakayelijibu peke yake. Mtaa ukilijadili mapema, kuna muda wa kupima, kuandikiana na kukubaliana. Ukilisubiri, maji yenyewe yatachagua ni ploti gani ipunguzwe.